Jali au Ua: Namna ya Kuchagua Kati ya Koo Mbili za Nakshi za India

Mtu aliyekwenda India kwa matibabu, masomo au biashara, akabakiwa na siku mbili na fedha za kununulia kitu kimoja cha kupamba nyumba yake, hukutana na tatizo ambalo wenye maduka hawana haraka ya kumtatulia. Mbele yake hupangwa sahani za marumaru zenye maua ya mawe ya rangi, viwambo vya mbao vilivyotobolewa, vitambaa vilivyopigwa chapa kwa mkono, hariri na vyombo vya buluu, na karibu kila kimoja husifiwa kuwa na "nakshi ya Taj Mahal", hata kama hakihusiani na jengo hilo kwa lolote. Pendekezo langu ni kwamba kabla hajauliza bei, mnunuzi ajiulize nakshi anayoitazama ina undugu na sehemu gani ya majengo ya kale, na huko ilikuwa inafanya kazi gani. Ilichokiweza ukutani ndicho itakachokiweza sebuleni.

Nikiziacha kando sanamu za mahekalu, ambazo zina mambo yake na hazinunuliwi kwa sababu za upambaji tu, nakshi za majengo ya kaskazini na magharibi mwa India naweza kuzigawa koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa mistari: nyota, pembe sita, miraba na duara zilizoshikana hadi zikawa wavu usio na mwanzo wala mwisho. Wenyewe huuita jali, neno lenye maana hiyohiyo ya wavu, lisilo na uhusiano na kujali kwetu. Ukoo wa pili ni wa ua: mmea mmoja uliosimama peke yake, shina lake likionekana, majani yake yakiwa yameinama kidogo huku na huku, na pembeni mwake pameachwa uwanda mtupu.

Wavu

Jali ni dirisha kabla haijawa pambo. Katika nchi ambayo jua la mwezi wa Mei hupiga kuta tangu asubuhi, mjenzi alihitaji kitu cha kuingiza upepo, kuzuia mwanga mkali, na kumwezesha aliye ndani kuona nje bila yeye kuonekana. Bamba la jiwe lililotobolewa matundu kwa mamia lilitimiza yote matatu. Unene wa jiwe hukata miale ya jua inayokuja kwa mshazari, na mwanga unaopenya huanguka sakafuni ukiwa vipande vidogovidogo vinavyohama kadiri saa zinavyokwenda. Hawa Mahal ya Jaipur, iliyojengwa mwaka 1799 kwa amri ya maharaja Sawai Pratap Singh, ina madirisha 953 yaliyowekwa ili wanawake wa kasri waweze kuangalia shughuli za barabarani bila kuangaliwa. Kule Fatehpur Sikri, kaburi la walii Salim Chishti, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1580, limezungushiwa viwambo vya marumaru vya kazi nyembamba kiasi kwamba aliye mbali hudhani ni kitambaa cha lesi.

Nakshi ya namna hii huchorwa kwa bikari na rula. Fundi huanza na duara, huigawa mara sita au nane, huunganisha alama kwa mistari, kisha hufuta mistari asiyoihitaji, na umbo linalobaki hulirudia pande zote mpaka bamba lijae. Kwa sababu hiyo jicho halielekezwi pa kutua. Wavu unaweza kukatwa popote, kukunjwa, au kufunikwa nusu yake na mto au kabati, na nusu inayoonekana ikaendelea kueleweka. Sifa hii ndiyo inayomhusu mnunuzi kuliko zote.

Lipo jengo moja linalovuruga mgawanyo wangu, na ni haki nilitaje. Msikiti wa Sidi Saiyyed mjini Ahmedabad ulijengwa kati ya mwaka 1572 na 1573, usultani wa Gujarat ukiwa katika siku zake za mwisho, na aliyeujenga alikuwa Mhabeshi, mmoja wa watu wenye asili ya Afrika waliovuka Bahari ya Hindi wakiwa watumwa, askari au mabaharia, na ambao baadhi yao walipanda vyeo katika majeshi ya masultani. Katika ukuta wa nyuma wa msikiti huo mna madirisha ya upinde yaliyojazwa jiwe la mchanga lililotobolewa, na dirisha linalosifiwa zaidi halina nyota wala pembe sita. Lina mti, na matawi yake yamepindana na kusukana pamoja na mnazi au mtende unaochomoza katikati yake hadi yakaujaza upinde wote. Kwa umbo ni mmea, lakini kwa kazi ni jali kamili, maana matawi hayo yamekuwa wavu wenye kuchuja mwanga. Taasisi ya Usimamizi ya India iliyopo mjini humo imeuchukua mti huo katika nembo yake, na wafanyabiashara wameuchukua kwa ajili ya trei, vikombe na vibao vya shaba. Kwa maoni yangu, mti ule ukishachorwa kwenye trei huwa umekufa, kwa kuwa hauna mwanga nyuma yake. Atakayeupenda autafute katika mbao zilizotobolewa, autundike dirishani.

Mbao hizo hupatikana zaidi Saharanpur, mji wa kaskazini mwa India ambao mafundi wake huchonga mti wa shishamu na kutengeneza viwambo vya kukunja, milango ya kabati na taa. Ukaguzi wake ni mwepesi: tazama ndani ya matundu. Msumeno wa mkono huacha kingo zenye rangi ya mbao na zisizolingana sawasawa, ilhali mashine ya leza huacha kingo zilizoungua, nyeusi, na matundu yanayofanana kama mapacha. Leza si dhambi, ila kazi yake haistahili bei ya mkono, na mara nyingi huwa imefanywa kwenye mbao za unga ulioshindiliwa, ambazo unyevunyevu wa Mombasa, Tanga au Unguja utazivimbisha kabla ya masika ya pili.

Katika vitambaa, jamaa wa karibu wa jali ni ajrakh, pamba ya kuchapwa kwa mkono ya Kachchh, huko Gujarat. Jina lake hunasibishwa na neno la Kiarabu lenye maana ya buluu, na kwa hakika buluu ya nili na wekundu mzito ndivyo vinavyotawala. Kazi yake ni ndefu kuliko anavyodhani anayekiona kitambaa kimekunjwa rafuni. Pamba huoshwa kwanza ili kuondoa wanga, ikachovywa katika maji ya tunda kavu liitwalo harda, kisha chapa ya kwanza hupigwa kwa chokaa na gundi, ambayo haipaki rangi bali huzuia rangi isiingie. Weusi hupatikana kwa vyuma chakavu vilivyoachwa vichachuke pamoja na sukari guru, maji yake yakafanywa mazito kwa unga wa mbegu za ukwaju. Pale palipopigwa shabu ndipo patakapokamata wekundu wa mzizi wa manjit. Kati ya hatua moja na nyingine kitambaa huoshwa, huanikwa, huchapwa tena, na maji yana nguvu kubwa katika matokeo. Baada ya tetemeko la Januari 26, 2001, maji ya kijiji cha Dhamadka yalibadilika na kuzidi madini ya chuma, ambayo huharibu rangi, na familia kadhaa za Wakhatri, jamii ya wachapaji wa ajrakh, zikahama kwenda kuanzisha kijiji kipya karibu na Bhuj, wakakiita Ajrakhpur.

Ninacho kitambaa kimoja cha ajrakh kilichotandikwa juu ya meza ya chakula, na kila ninapokikung'uta hutafuta mahali ambapo kibao kimoja cha chapa kimeishia na kingine kikaanza. Ni kama kila upana wa kiganja. Nyota hukutana na nyota, lakini katika sehemu mbili hivi mstari mweupe umepishana na mwenzake kwa unene wa uzi. Upishano huo ndio ushahidi bora kuliko cheti chochote. Kitambaa cha kiwandani hakina maungio, na ukikigeuza, upande wa pili huwa umepauka. Ajrakh nzuri imechapwa pande zote mbili, na nakshi za mbele na nyuma zinaangaliana.

Patola, hariri ya mji wa Patan huko Gujarat, nayo ni ya ukoo huu, na katika mji huo undugu wa jengo na kitambaa huonekana kwa macho. Rani ki Vav, kisima cha ngazi kilichojengwa katika karne ya 11 na malkia Udayamati kwa kumbukumbu ya mfalme Bhima wa Kwanza, na kilichoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2014, kina mabamba yaliyochongwa miraba na maua ya pembe yanayofanana sana na yale yanayofumwa kwenye hariri za mji uleule. Katika patola nyuzi za mtande na za mshindio zote hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, hivyo mfumaji hulazimika kuzikutanisha rangi uzi kwa uzi, na sari moja huweza kuchukua nusu mwaka au zaidi. Wagujarati husema patola huchanika lakini nakshi yake haipauki. Bei yake inalingana na taabu hiyo, na mwenye fedha za kitu kimoja tu aipite, ajiridhishe kuitazama.

Ua

Ukoo wa pili una makao yake Agra. Kaburi la Itimad-ud-Daulah, ambalo malkia Nur Jahan alimjengea baba yake kati ya mwaka 1622 na 1628, lina kuta za marumaru nyeupe zilizopachikwa mawe ya rangi, na ndani ya mipaka yake wavu na ua bado vinaishi pamoja: nyota za mistari upande huu, miti ya mvinje na vyombo vya maua upande ule. Taj Mahal, iliyoanza kujengwa mwaka 1632 baada ya kifo cha Mumtaz Mahal, mke wa mfalme Shah Jahan, ilichagua ua. Katika sehemu ya chini ya kuta mimea imechongwa ikainuka kutoka kwenye marumaru bila rangi yoyote, na kwenye makaburi na kiwambo kinachoyazunguka maua yamepachikwa akiki, yaspi, jade na jiwe la buluu la lapisi lazuli lililotoka Afghanistan. Hata kiwambo hicho chenyewe ni jali. Kizazi kimoja kabla, mfalme Jahangir alikuwa amemtaka mchoraji Mansur amchoree maua ya Kashmir jinsi yalivyo, na jicho hilo la kuutazama mmea mmoja baada ya mwingine ndilo linaloonekana katika majengo ya mwanawe Shah Jahan.

Kazi ya kupachika, iitwayo pachikari, ingali inafanywa Agra. Fundi huketi chini, mbele yake kuna gurudumu dogo la kusagia linalozungushwa kwa upinde kama keekee ya seremala wetu wa zamani. Mkono mmoja unavuta upinde, mwingine umeshika kipande cha akiki kisichozidi punje ya mchele, na jani moja la waridi huweza kuhitaji vipande vitatu vya wekundu tofauti ili lionekane limepinda. Marumaru hupakwa rangi nyekundu ili mistari inayokwaruzwa juu yake ionekane, shimo huchimbwa kwa patasi nyembamba, vipande huingizwa kwa gundi, kisha uso wote husuguliwa hadi uwe mmoja. Kosa hapa halisameheki kama katika kitambaa. Pengo dogo kati ya jani na jiwe litaonekana daima.

Hapa ndipo wanunuzi wengi huibiwa, na mimi mwenyewe niliwahi kurudi nyumbani na sahani niliyoambiwa ni ya marumaru ya Makrana, machimbo mashuhuri ya Rajasthan, kumbe ni alabasta, jiwe laini zaidi. Muuzaji alinizimia taa akapitisha tochi chini yake, maua yakawaka, nami nikaridhika. Kipimo hicho kinaonyesha kwamba maua yanapitisha mwanga, lakini hakisemi lolote juu ya jiwe lililoyabeba, kwa sababu alabasta nayo hupitisha mwanga vizuri. Kipimo kinachofaa ni ukucha: alabasta na jiwe la sabuni hukwaruzika kwa ukucha, marumaru haikwaruziki. Geuza sahani, jaribu chini yake, na mwenye duka akikataa umekwisha kupata jibu. Kisha fumba macho upitishe kidole juu ya ua. Kwenye kazi nzuri hutajua ua limeanzia wapi.

Marumaru halisi nayo ina udhaifu wake, na kwa meza ya Mswahili udhaifu huo ni mkubwa: haipatani na asidi. Tone la ndimu, achari au siki likikaa juu yake kwa dakika chache huacha doa lisilong'aa, ambalo halifutiki bila kusuguliwa upya. Meza ya marumaru iliyopachikwa maua si meza ya kulia samaki. Uzito pia uhesabiwe kabla ya kulipa. Bamba la duara lenye kipenyo cha sentimita 60 na unene wa sentimita 2 lina takribani kilo 15, na hapo halijafungwa kwa mbao za kulikinga safarini.

Anayelipenda ua lakini hawezi kubeba jiwe ana Sanganer, mji ulio kusini mwa Jaipur, ambako wachapaji wa jamii ya Chhipa hupiga maua madogo juu ya pamba nyeupe. Kila rangi ina kibao chake, cha kwanza kikipiga mstari wa nje na vinavyofuata vikijaza petali na majani, na weupe unaobaki kati ya ua na ua ni sehemu ya nakshi kama ilivyo marumaru tupu ya Taj. Humo pia mtaonekana lile umbo la tone lililopinda ncha ambalo kwenye kanga zetu tunaliita korosho. Wao huliona ni embe changa. Bagru, ulio jirani, hufanya kazi inayofanana kwa ardhi yenye rangi na kwa kuzuia rangi kwa tope, na binafsi naona vitambaa vyake vinaficha uchafu vizuri zaidi, jambo ambalo mwenye watoto wadogo hatalidharau.

Zikikaa ubavu kwa ubavu

Tofauti ya kwanza ni umbali. Wavu husomeka kutoka mlangoni. Ua la pachikari halisomeki mpaka umeinama. Kwa ukumbi mrefu, baraza au chumba cha kulala wageni, ambako watu hupita wakitazama kwa haraka, jali ya mbao au ajrakh hufanya kazi yake bila kumsubiri mtazamaji. Ua lina haki ya kuwekwa pale mtu anapoketi kimya na kitu kikiwa karibu na mkono wake: meza ndogo ya pembeni, kasha la vito, mto mmoja kitandani.

La pili ni ujirani. Jali huvumilia kukaa na nakshi nyingine, alimradi rangi zisigombane, na ndiyo maana inakubaliana na nyumba zetu zenye mikeka, kanga na makapeti kwa wakati mmoja. Ua huhitaji utupu. Sahani ya Agra ikiwekwa juu ya kitambaa cha maua, vyote viwili hupotea, na mgeni ataona vurugu asijue imesababishwa na nini. Mwenye sebule iliyokwisha kujaa asinunue ua mpaka akubali kwanza kuondoa vitu vitatu.

La tatu ni matumizi. Pamba hufuliwa na mbao hufutwa, na vyote vikizeeka huzeeka kwa adabu. Ajrakh iliyofifia kidogo hupendeza kuliko mpya. Marumaru iliyodondoka haina uzee, ina kuvunjika tu. Vyombo vya buluu vya Jaipur, ambavyo ni vya ukoo wa ua na ambavyo hutengenezwa kwa unga wa mawe na kioo badala ya udongo wa mfinyanzi, ni vyepesi kuvunjika zaidi ya hapo, na sivipendekezi kwa nyumba ambayo mlango wake hupigwa na upepo wa kusi.

Kwa upande wa picha za viumbe, ambalo ni jambo la kuzingatiwa na wengi wanaonunua kitu cha chumba cha kusalia, jali, ajrakh na pachikari ziko salama kwa kawaida, lakini vitambaa vya Rajasthan vikaguliwe vyote hadi pindo, kwani tausi na tembo hupenda kujificha katika ukingo.

Asiyeweza kuamua anaweza kufanya jaribio kabla ya kusafiri ikiwa anafika Unguja. Zahanati ya Kale iliyopo mbele ya bandari ya Mji Mkongwe, ambayo mfanyabiashara Tharia Topan aliianzisha mwaka 1887 na ikamalizika mwaka 1894, ina roshani za mbao zilizotobolewa na kuchongwa kwa mtindo wa Kihindi, na mitaani kuna milango ya Kigujarati iliyogawanywa miraba yenye nakshi ndani. Simama upande wa pili wa barabara kwa dakika tano, kisha sogea hadi karibu na mlango mmojawapo. Ikiwa ulifurahi zaidi ukiwa mbali, nunua jali. Ikiwa kidole chako kilikwenda chenyewe kwenye ua lililochongwa, nenda Agra, ukiwa na kucha ndefu.

Kwa nyumba ya pwani yenye upepo, watoto na ndimu mezani, mimi ningechukua ajrakh mita tano, ningeifua peke yake mara mbili kwa sabuni laini kabla ya kuitumia, maana nili mpya huchuja, na kuianika kivulini.